Fedha hufika sikukuu, mwenyewe hafiki

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichopo Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, hufurika abiria waendao Moshi, Arusha, Mbeya na Bukoba. Nauli hupanda, tiketi huadimika, na watu wazima wenye nyumba zao hukesha juu ya mabegi wakisubiri basi la alfajiri. Jijini Nairobi hali huwa hiyo hiyo katika vituo vya magari yaendayo Kisumu, Kakamega na Meru.

Ni adha ambayo watu huilalamikia kila mwaka, na kila mwaka huirudia kwa hiari yao. Mchaga ambaye hakuonekana kihambani siku ya Krismasi huulizwa habari zake hadi Pasaka. Kwenda nyumbani Desemba ni namna ya kuthibitisha kwamba mtu bado yupo, na bado ni wa pale.

Lakini lipo kundi ambalo halionekani katika vituo hivyo. Hao ni Watanzania, Wakenya na Waganda wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Oman, Kuwait na Bahrain. Wapo walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wauguzi, wahandisi, na zaidi ya wote wanawake wanaofanya kazi za nyumbani. Wao sikukuu huifikia kwa njia moja tu, nayo ni ujumbe wa simu unaosema kwamba fedha zimepokelewa.

Makala haya yanajaribu kuitazama Desemba ya watu hao, na kuuliza swali ambalo serikali zetu haziliulizi mara kwa mara. Tunajua kwa uhakika kiasi cha fedha kinachoingia nchini wakati wa sikukuu. Je, tunajua ni wangapi kati ya waliozituma waliopewa siku ya kupumzika?

Hesabu inayofahamika

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotunza vizuri hesabu za fedha zinazotumwa na raia wake walio ugenini. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya nchi hiyo, mwaka 2020 fedha hizo zilifikia Dola za Marekani bilioni 3.09. Mwaka 2022 zilivuka bilioni 4, na mwaka 2024 zikafika bilioni 4.94. Marekani ndiyo inayoongoza kwa kuwa chanzo cha fedha hizo, na katika miaka ya karibuni Saudi Arabia imekuwa miongoni mwa nchi zinazoifuatia.

Desemba ina nafasi yake katika hesabu hiyo. Mwezi Desemba 2024 pekee ziliingia Dola milioni 445, wakati wastani wa kila mwezi kwa mwaka huo ulikuwa takriban milioni 412. Desemba ya mwaka 2023 zilikuwa milioni 372.

Tafsiri yake si ngumu. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mbuzi, mchele, sare za shule za Januari, karo, mabati ya paa na deni la dukani. Mtu aliye mbali anapojua kwamba hatafika, huongeza kidogo juu ya kile alichozoea kutuma. Fedha ile ya ziada ni matumizi ya sikukuu, na pia ni radhi anayoiomba kwa kutokuwepo.

Hapo ndipo penye utata. Kadiri watu wengi zaidi wanavyoshindwa kurudi, ndivyo takwimu za Desemba zinavyoweza kupendeza. Serikali inayopima mafanikio ya sera zake kwa kiasi cha Dola kilichoingia inaweza kujikuta inashangilia jambo ambalo katika nyumba nyingi ni huzuni.

Desemba ya upande wa pili

Kwa hesabu ya saa, Ghuba si mbali. Riyadh na Doha zina saa ile ile ya Nairobi na Dar es Salaam, na Dubai na Muscat zimetangulia kwa saa moja tu. Usiku wa mkesha wa Krismasi unapoingia Moshi, unaingia pia Riyadh. Tofauti ni kwamba huko hauji na chochote.

Krismasi si siku ya mapumziko ya kitaifa Saudi Arabia, wala Falme za Kiarabu, Qatar au Oman. Mwaka 2024 iliangukia Jumatano, katikati ya juma la kazi. Ofisi zilifunguliwa na magari ya kampuni yalipita kuchukua wafanyakazi mabwenini kama siku nyingine yoyote.

Si kwamba Wakristo hawana pa kusali. Dubai ina Kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo jengo lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 1967, na ibada za sikukuu huhudhuriwa na umati wa watu wa mataifa mengi. Doha ilipata kanisa lake la kwanza mwaka 2008. Bahrain ina Kanisa la Moyo Mtakatifu tangu mwaka 1939, na Muscat nayo ina makanisa yake. Saudi Arabia haina kanisa hata moja.

Hata pale palipo na kanisa, suala ni nani anaruhusiwa kwenda. Na hapa ndipo neno "wanaoishi ughaibuni" linapoficha zaidi ya linavyoeleza, kwa sababu huunganisha watu ambao Desemba zao hazifanani hata kidogo.

Yupo mhandisi au mhasibu aliyeajiriwa na kampuni kubwa. Mkataba wake una tiketi ya kwenda nyumbani kila mwaka, kibali cha kuishi na familia na likizo inayojulikana tarehe. Huyu akikosa kurudi Desemba, mara nyingi ni kwa sababu ya safari ya kikazi au kwa uamuzi wake mwenyewe. Anaweza kuwaalika wenzake kwake, pilau likapikwa, watoto wakaimba, na sikukuu ikapita kwa heshima.

Yupo pia mlinzi, dereva au mhudumu wa hoteli. Kwa huyu Desemba ni mwezi mgumu kuliko yote. Ndiyo majira ya baridi ya Ghuba, joto limepungua, na watalii wanamiminika. Falme za Kiarabu huadhimisha sikukuu yao ya taifa tarehe 2 Desemba, Bahrain tarehe 16 na Qatar tarehe 18. Kisha hufuata mkesha wa mwaka mpya, wakati maelfu ya watu wanapokusanyika chini ya jengo la Burj Khalifa kutazama fataki. Kila shughuli ya namna hiyo inahitaji watu wa kusimama getini, kufagia, kuendesha mabasi na kubeba sahani. Mwaka 2022 Kombe la Dunia lilichezwa Qatar kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 18 Desemba, na miongoni mwa waliosimama milangoni mwa viwanja walikuwamo vijana wa Afrika Mashariki. Mwajiri hatoi likizo katika mwezi anaouhitaji zaidi mkono wa mfanyakazi.

Wa tatu ni mfanyakazi wa nyumbani. Mahali pake pa kazi ndipo anapolala. Hana bweni la kurudi na kukutana na wenzake, hana zamu inayokwisha, na mara nyingi hana mwenzake wa lugha moja ndani ya nyumba ile. Kwake Krismasi inaweza kupita bila yeye kumtakia mtu yeyote heri ana kwa ana.

Likizo iko mkononi mwa nani

Itakuwa si haki kusema kwamba nchi za Ghuba hazina sheria juu ya jambo hili. Zinazo, na katika miaka ya karibuni zimeongezwa. Qatar, kwa sheria yake ya mwaka 2017, iliweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku kwa mfanyakazi wa nyumbani, siku moja ya mapumziko kwa wiki na wiki tatu za likizo kwa mwaka. Falme za Kiarabu zilitunga sheria kama hiyo mwaka 2017 na kuibadilisha kwa nyingine iliyoanza kutumika Desemba 2022. Sheria hiyo inatambua siku 30 za likizo kwa mwaka. Kanuni za Saudi Arabia za mwaka 2013 ziliweka saa tisa za mapumziko kwa siku, siku moja kwa wiki, na mwezi mmoja wa likizo yenye malipo baada ya miaka miwili. Kanuni hizo zimefanyiwa mabadiliko tangu hapo, lakini mkataba wa miaka miwili umebaki kuwa desturi.

Tulinganishe na nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku 21 za kazi. Kwa hiyo tofauti kubwa haipo katika karatasi. Ipo katika nguvu ya kuidai haki iliyoandikwa.

Nguvu hiyo imedhoofishwa kwa muda mrefu na mfumo unaojulikana kama kafala, yaani udhamini, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta. Chini ya mfumo huo, mwajiri alikuwa na sauti juu ya kuhama kazi na hata kuondoka nchini. Mageuzi yamefanyika. Qatar iliondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na kwa wafanyakazi wa nyumbani Januari 2020, ingawa hao wa nyumbani walitakiwa kumjulisha mwajiri saa 72 kabla. Saudi Arabia ililegeza masharti Machi 2021, lakini mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, watu waliokuwa wakiyahitaji kuliko wengine.

Zaidi ya sheria kuna mazoea. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch iliyotolewa Novemba 2017, iliyowahusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza habari za pasipoti kushikwa na waajiri, saa nyingi za kazi na mishahara kucheleweshwa. Pasipoti ikiwa ndani ya kabati la mwajiri, likizo inakuwa hisani. Na anayeondoka bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, hali inayomfanya awe mkosaji mbele ya sheria za uhamiaji hata kama alikimbia mateso.

Watu wa namna hiyo wapo, na kwao kurudi nyumbani si suala la nauli tena. Falme za Kiarabu zilipotangaza msamaha kwa waliokiuka masharti ya ukaazi kuanzia Septemba 2024, muda wake ulisogezwa mbele hadi tarehe 31 Desemba mwaka huo.

Idd nayo vipi?

Msomaji anaweza kusema kwamba tatizo hili ni la Wakristo walioamua kwenda katika nchi za Kiislamu, na kwamba Mwislamu wa Tanga, Unguja au Mombasa hana la kulalamikia. Jibu lake ni la kushangaza kidogo.

Ni kweli kwamba Idd huko ni sikukuu kubwa ya taifa. Ofisi hufungwa kwa siku kadhaa. Katika mwezi wa Ramadhani sheria za kazi za Saudi Arabia hupunguza saa za mfanyakazi Mwislamu hadi sita kwa siku, na Falme za Kiarabu hupunguza saa mbili katika sekta binafsi. Lakini mfanyakazi wa nyumbani kwa kawaida yuko nje ya sheria ya jumla ya kazi. Kwake Ramadhani ni mwezi wa kupika futari kwa wageni, kuosha vyombo hadi usiku wa manane, kuamka kuandaa daku, na yeye mwenyewe amefunga. Idd inapoingia, familia hutembeleana na kazi huongezeka maradufu.

Hata lugha haisaidii sana. Oman ina watu wengi wanaozungumza Kiswahili, matunda ya uhusiano wa karne nyingi na Zanzibar. Dada kutoka Tanga anaweza kufika Muscat akakuta bibi wa nyumba anamkaribisha kwa Kiswahili fasaha. Hiyo ni faraja, na pengine humwondolea upweke. Lakini mtu anaweza kuamrishwa afanye kazi hadi saa sita usiku kwa Kiswahili fasaha pia.

Kwa hiyo dini ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Jambo lenyewe ni umiliki wa muda. Sikukuu, iwe Idd au Krismasi, ni siku ambayo mtu huwa mali yake mwenyewe na ya watu wake. Asiyeweza kuipata siku hiyo hata mara moja kwa mwaka anakuwa ameuza zaidi ya nguvu za mikono yake.

Gharama ya kuja, gharama ya kutokuja

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa watoto wawili kutoka Kilifi anayefanya kazi Riyadh kwa mshahara wa Riyal 900 kwa mwezi. Riyal imefungwa kwa Dola kwa kiwango cha 3.75, hivyo anapata Dola 240. Akiomba kurudi kabla ya miaka miwili kwisha, tiketi huenda ikawa juu yake, na nauli za ndege za Desemba zinaweza kumeza mishahara miwili au zaidi. Bado hajanunua zawadi hata moja.

Hapo anakabiliwa na hesabu ngumu. Nauli ile ni karo ya mwaka. Akija, atakumbatiwa, kisha Januari ataulizwa ada iko wapi. Asipokuja, ada italipwa, lakini mtoto wa mwisho atakuwa amemzoea bibi na kumwita yeye "shangazi wa kwenye simu". Hakuna mshauri wa fedha awezaye kumfanyia hesabu hiyo.

Hata simu ina masharti yake. Katika Falme za Kiarabu, kupiga simu za sauti na picha kwa WhatsApp kumezuiwa kwa miaka mingi, na watu hulazimika kutumia programu nyingine zilizoidhinishwa. Katika baadhi ya nyumba mwajiri ndiye anayeamua mfanyakazi atashika simu yake saa ngapi.

Na fedha yenyewe hukatwa njiani. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 gharama ya kutuma Dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa wastani wa karibu asilimia 8, ingawa njia kadhaa za kutoka Ghuba huwa nafuu zaidi. Lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ifikapo mwaka 2030.

Kuna gharama moja ambayo haitoki kwa mwajiri wala benki. Inatoka kwetu. Aliye nje hudhaniwa kuwa na mti wa fedha. Ujumbe anaopokea Desemba huanza na salamu ya mstari mmoja na kufuatiwa na orodha ya mistari kumi. Wapo wanaoogopa kurudi si kwa kukosa ruhusa, bali kwa sababu hawana cha kutosha kuligawia ukoo mzima. Aibu ya kurudi mikono mitupu imewaongezea wengi mikataba ya miaka miwili mingine.

Nini kifanyike

Serikali za ukanda huu hazikukaa kimya. Kenya ilisitisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Ghuba mwaka 2014, ikauruhusu tena mwaka 2017 chini ya makubaliano mapya, na mwaka 2022 ikaunda Idara ya Serikali inayoshughulikia Wakenya walio ughaibuni. Uganda nayo ilisitisha mwaka 2016 kabla ya kutia saini makubaliano na Saudi Arabia mwaka uliofuata. Tanzania kwa miaka mingi mjadala wa ughaibuni umetawaliwa na uraia pacha, suala muhimu kwa aliyepata pasipoti ya Marekani au Uingereza, lakini lisilomgusa yule ambaye hata hiyo moja aliyonayo imefungiwa kabatini.

Makubaliano mengi kati ya nchi na nchi huzungumzia idadi ya watu na kima cha mshahara. Likizo hutajwa, lakini haifuatiliwi. Yapo mambo matatu ambayo yangeweza kubadilisha hali hiyo bila kuvunja uhusiano na nchi yoyote.

Kwanza, mkataba utaje mwezi wa likizo na nani atalipa tiketi, kwa lugha ambayo mfanyakazi anaisoma, na nakala ibaki kwa familia yake. Maneno "likizo kwa mujibu wa sheria" hayamsaidii mtu asiyeijua sheria hiyo.

Pili, wakala aliyempeleka mtu abebe wajibu hadi siku ya kumrudisha. Leo kazi ya mawakala wengi huisha mara ndege inapoondoka. Leseni yao ihuishwe kwa kuangalia pia wangapi kati ya waliowapeleka walirudi likizo kwa wakati na kwa hiari.

Tatu, balozi zetu zipewe waambata wa kazi wa kutosha, na wajibu wao wa kwanza uwe pasipoti. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unasema wazi katika ibara ya 9 kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria, na kwamba halazimiki kubaki ndani ya nyumba ya mwajiri wakati wa mapumziko au likizo yake. Hakuna haja ya kutunga kanuni mpya. Iliyopo inatosha kuanzia.

Kisha hesabu ibadilishwe. Taarifa ya kila mwaka inayotaja Dola zilizoingia itaje pia idadi ya waliorudi likizo, idadi ya walionyimwa, na idadi ya waliorudi ndani ya jeneza. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia ndani ya muda wa takriban miaka miwili. Takwimu hiyo ilipatikana kwa sababu wabunge waliuliza. Takwimu za likizo nazo zitapatikana siku zitakapoulizwa.

Nasi tulio nyumbani tuna la kufanya ambalo halihitaji Bunge. Desemba hii, kabla ya kumwandikia aliye Riyadh au Muscat orodha ya mahitaji, tumuulize kwanza amelala saa ngapi, na kama pasipoti yake anayo mwenyewe. Tumwambie pia kwamba akija mikono mitupu mlango utafunguliwa. Huenda ndiyo zawadi ya sikukuu ambayo hakuna aliyewahi kumtumia.